Babu aliyekufa kabla ya reli kufika Kisumu

Swali hili huzuka sana matangani. Mhubiri ameshika maikrofoni, ametangaza kwamba asiyempokea Yesu ameangamia, na kijana aliyekaa nyuma ya hema anamnong'oneza mwenzake: basi baba yake babu, aliyezikwa kabla ya mmisionari yeyote kukanyaga Maragoli, yuko wapi? Kwa kawaida hunyamazishwa. Hapo tunakosea, maana Ibrahimu aliuliza swali la ukoo huohuo katika Mwanzo 18: je, Mhukumu wa ulimwengu wote atamwangamiza mwenye haki pamoja na mwovu?

Tarehe ndizo zinazolifanya liume. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844. Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901. Marafiki, yaani Wakweka, wakaanzisha misheni ya Kaimosi 1902, Wakatoliki wa Mill Hill wakafika Kisumu 1903, kisha 1906 Waanglikana wakaanza Maseno na Waadventista Gendia. Toka Mombasa hadi Kaimosi ni miaka 58. Ukisema hakuna anayeokoka bila kulisikia jina la Yesu, unasema pia kwamba kwa watu wa huku magharibi mwa Kenya wokovu ulingoja mataruma ya reli yatandikwe. Anayefundisha jambo hili asiikwepe hesabu hiyo.

Matangani si mahali pa kulijibu. Litengee ushirika wa katikati ya wiki, mara mbili, saa moja na nusu kila mara, watu wasizidi kumi na wawili ili kila mmoja apate kusema. Wa kwanza kusema asiwe mchungaji. Akitangulia yeye, vijana hufunga vinywa na kwenda kuulizana nje.

Anzeni na jina. Mjaluo humwita Mungu Nyasaye, Mmaragoli vilevile, Mbukusu humwita Wele. Haya si majina yaliyoletwa na meli. Wazee walikuwa wakiyataja katika maombi, na kanisa likayachukua. Pauli alifanya karibu hivyohivyo Athene, Matendo 17:23, alipoanzia kwenye madhabahu ya Mungu asiyejulikana. Katika mji wa Listra Pauli aliwaambia watu kwamba Mungu hakujiacha pasipo ushuhuda, akataja mvua na nyakati za mavuno (Matendo 14:17). Mkulima wa Vihiga haelezwi mara mbili maana ya maneno hayo. Ila msiruke Matendo 17:30, ambapo Mungu aliyezipitia nyakati za ujinga sasa anaagiza watu wote watubu. Mjukuu mwenye Biblia mkononi hawezi kujificha nyuma ya babu yake.

Kisha Warumi, na hapa ndipo wengi huharibu. Mmoja hukata 2:14-15 peke yake akasema wazee waliokolewa na wema wao. Mwingine hukata 3:23 peke yake, kwamba wote wamefanya dhambi, akawafungia wote nje. Someni kwa sauti kuanzia 1:18 hadi 3:26 bila kusimama. Ni mistari 70, dakika kumi na kidogo. Mtaona Pauli anawaweka wote chini ya dhambi, aliye na sheria na asiye nayo, lakini pia anasema dhamiri za wasio na sheria huwashitaki au kuwatetea. Neno hilo "kuwatetea" lisifutwe. Na 3:25 inasema Mungu alizistahimili dhambi zilizotangulia kufanywa.

Mtu atainua Yohana 14:6. Ni haki yake, na asijibiwe kwa dharau. Mstari huo unasema mtu anafika kwa Baba kupitia nani, yaani Yesu. Haupimi ni kiasi gani alichojua aliyefikishwa. Ibrahimu hakulijua jina la Yesu, na bado Warumi 4 inamfanya kielelezo cha imani. Lakini pingamizi lipo, nalo ni zito: Ibrahimu alipewa ahadi, babu wa Maragoli hakupewa.

Makanisa yenyewe yametofautiana. Barclay, Mkweka, aliandika 1676 kwamba nuru ya Yohana 1:9, imtiayo nuru kila mtu, yaweza kumwokoa hata asiyesikia habari za Kristo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, 1964, ulisema asiyeijua Injili bila kosa lake, akimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, aweza kuokoka. Wainjili waliokutana Lausanne 1974 walikubali kwamba kila mtu anamjua Mungu kiasi kupitia uumbaji, wakakana kwamba ujuzi huo unaokoa. Boma moja la Kakamega laweza kuwa na watu wa pande zote tatu. Mimi nasimama karibu na Barclay, kwa sababu ya lile neno "kuwatetea". Ila sioni mahali Biblia inapomruhusu mwanadamu kutaja nani ameingia.

Mkutano wa pili upeni Mathayo 11:20-24 wote. Yesu anasema watu wa Tiro na Sidoni, miji ya mataifa, wangalitubu kama wangaliona miujiza iliyofanywa Korazini, mji wa Wayahudi, na kwamba siku ya hukumu watastahimiliwa zaidi. Luka 12:47-48 inaongeza kwamba mtumwa asiyejua mapenzi ya bwana wake atapigwa kidogo. Kwa hiyo hukumu inapimwa kwa kile mtu alichopewa. Hilo latuliza upande mmoja na kufungua kidonda upande wa pili: kama wangalitubu, mbona hawakuonyeshwa? Msibuni jibu. Na 1 Petro 3:19, kuhusu roho walio kifungoni ambao Kristo aliwahubiri, msiijengee nyumba. Wafasiri wamegawanyika juu yake tangu zamani.

Mkifunga, kumbukeni kwamba Mkatoliki huwaombea marehemu na jirani yake wa Pentekoste hawaombei. Badala ya sala itakayowagawanya, kila mtu ataje jina la mzee wa zamani kabisa anayemjua katika ukoo wake. Wengi huishia jina la nne au la tano. Kisha asomaye vizuri asome Mwanzo 18:22-33 polepole, Ibrahimu akishuka kutoka hamsini hadi kumi, na Mungu akimjibu kila mara.