Tulivyofanikisha pikiniki ya familia Bwawa la Igombe, Tabora

Mi ni mkazi wa Tabora mjini na maji ya Igombe nimeyanywa toka nikiwa mtoto, enzi hizo haya ya Ziwa Victoria hayajafika kwetu, lakini bwawa lenyewe kuliona kwa macho yangu nimeliona mwaka jana tu. Nikaona si sawa watoto wangu nao wakue hivyo hivyo, wanajua bomba hawajui maji yametoka wapi.

Mara ya kwanza tulifeli. Ilikua jumapili mwezi wa saba, tukapika pilau tukapakia hotpoti kwenye noah tukatoka nyumbani saa tano, tumefika jua lipo utosini, tukasimamisha gari karibu na tuta la bwawa tukaanza kushusha vitu, mara mlinzi huyo, anauliza mna kibali? Hatuna. Akasema basi hapa hampiti. Baba Neema akataka kubishana nikamwambia baba Neema twende tu, tukala pilau ndani ya gari pembeni ya barabara watoto wamenuna. Iliniuma sana. Ila nilivyotulia nikaona yule kaka yuko sahihi kabisa, yale ni maji ya kunywa ya mji mzima, angeruhusu kila mwenye hotpoti lake ingekuaje?

Kwahiyo awamu ya pili nikaanza na ruhusa. Wiki moja kabla nikaenda ofisini kwa wahusika nikajieleza, tuko watu saba, hatuwashi moto, hatufui, hatuogelei, tunataka kutembea na kula tu. Wakaniambia nipite na kwa mwenyekiti wa kijiji, huko ndo nikampata mzee mmoja aliyevua samaki pale miaka mingi, tukaelewana elfu kumi atutembeze. Hii elfu kumi ndo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote siku ile, nasema kweli.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa tisa mwishoni. Kama hujawahi kuona miombo mwezi wa tisa nakuomba uende, mvua bado kabisa, ardhi kavu, lakini miti inatoa majani mapya mekundu kama kutu mengine rangi ya shaba, ukiangalia jua linapochomoza nyuma yake unanyamaza mwenyewe. Mzee tulimkuta kashatusubiri, mwangaluka, mwangaluka, akawasalimia watoto mmoja mmoja afu akamuuliza mama mkwe magoti yanasemaje maana alimwona anavyoshuka kwenye gari. Hapo hapo akabadilisha njia, akasema ile ya juu ina mawe tutapita ya wavuvi, ni ndefu ila tambarare.

Njia yenyewe ni kijia cha mguu tu kinachofuata ukingo. Kiangazi maji yanarudi nyuma yanaacha tope limekauka limepasuka vipande vipande kama vigae, na juu yake kila aliyekuja kunywa kaacha alama, kwato za ng'ombe, nyayo za mbuzi, vidole vitatu vya ndege. Mwanangu wa mwisho akawa anachuchumaa kila hatua anauliza hii ya nani babu, na babu anamjibu zote bila kuchoka. Afu tukamuona mdiria, yule mweusi na mweupe, anasimama hewani juu ya maji anapiga mabawa pale pale hasogei, mara anaporomoka kama jiwe, anatoka na kidagaa mdomoni. Tulikaa pale nusu saa nzima, hakuna aliyeomba simu.

Vitu viwili mzee alivisisitiza na mi nawasisitizia wenye watoto. Kwanza nyuki. Huku ni nchi ya asali, mizinga imetundikwa juu ya miti, na kiangazi nyuki wanashuka ukingoni kunywa maji, wanatua kwenye tope bichi wengi kweli. Usiwapige, usiwapungie mkono, zunguka mbali taratibu, na soda yenye sukari usiifungue karibu nao. Pili kichocho. Yale maji ya pembeni yaliyotulia yenye majani ndo makazi ya konokono wanaoeneza kichocho, na vijidudu vyake vinapenya kwenye ngozi ndani ya dakika chache tu, si lazima uogelee, kukanyaga kunatosha. Kwahiyo wanangu wote walivaa raba na hakuna aliyegusa maji, ya kunawa tulibeba dumu letu toka nyumbani.

Kula tulikula mbali na ukingo chini ya mninga, mama mkwe kwenye kiti chake cha plastiki, sisi kwenye mkeka. Safari hii sikupika pilau, nilibeba kuku wa kuchoma, karanga, chai kwenye chupa na matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, chakula kisichohitaji moto wala kumwaga maji machafu. Mzee alivyoona matobolwa alifurahi mpaka nikamwachia mfuko mzima.

Kitu kilichonikera ni uchafu. Chupa za plastiki, vifuko, na sehemu nyingine kuna bustani za mboga zimelimwa hadi ukingoni, wakati Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Mvua ikinyesha udongo ule uliolimwa unateremka wote bwawani, tope linajaa, nafasi ya maji inapungua. Nilikua na salfeti mbili za takataka zetu, tukazijaza na za wengine tukarudi nazo mjini, watoto ndo walikua wa kwanza kuokota.

Saa nane tuliondoka jua lilivyokua kali. Wakati tunaagana mzee akaniambia mwanangu njoo mwezi wa nne, bwawa linakua limejaa, hii njia tuliyopita leo yote iko chini ya maji. Nimeshaandika kwenye kalenda, na michembe ya kumpelekea, vile viazi vitamu vibichi vya kukata vipande, naianika mwezi huu.