Mzigo hupotea basi likiwa limesimama

Basi likiwa mwendoni kati ya Chalinze na Morogoro, begi lako halina pa kwenda. Litapotea basi likisimama: stendi wakati wa kupakia, njiani abiria anaposhuka na buti kufunguliwa, kwenye hoteli ya chakula, na mwisho wa safari watu wanapobanana mlangoni. Ukitoka Dar kwenda Mwanza au Mbeya, nyakati hizo zikijumlishwa ni sehemu ndogo sana ya safari. Hakuna binadamu anayeweza kuwa macho saa kumi na tano mfululizo, kwa hiyo kazi kubwa ya kulinda mali ifanyike nyumbani jana yake, na nguvu ya macho uitunzie pale gari linaposimama.

Anza na simu, maana siku hizi ndiyo pochi yenyewe. Wengi wameweka nywila ya skrini wakaona yamekwisha. Mwizi mzoefu hahangaiki na skrini yako. Anachomoa laini, anaiweka kwenye simu nyingine, na kuanzia hapo kila namba ya uthibitisho inayotumwa kwa SMS inaingia kwake. Anafungua WhatsApp kwa namba yako, anawaandikia ndugu kwamba umepata ajali na unahitaji pesa ya hospitali, na ndugu wanatuma kwa sababu namba ni yako kweli. Dawa yake ni PIN ya laini. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya usalama, utafute kufunga SIM kadi. PIN ya kuanzia imeandikwa kwenye ile kadi ya plastiki uliyobandulia laini. Kama umeitupa, piga 100 uulize huduma kwa wateja kabla hujajaribu kubahatisha. Ukikosea mara tatu laini itajifunga na kudai PUK, yaani namba ya kuifungulia, na PUK ukiikosea mara kumi laini imekufa. Ukishaingia, ibadilishe PIN uweke yako. Kwenye WhatsApp nako washa uthibitisho wa hatua mbili, na kwenye skrini iliyofungwa zima uonyeshaji wa maneno ya SMS, maana namba ya uthibitisho husomeka hapo hapo bila kufungua simu.

PIN ya pesa isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Aliyechukua pochi yenye kitambulisho pamoja na simu ameshapata jibu la kwanza la kujaribu.

Kisha bonyeza *#06#. Itatokea namba ya IMEI, inayoitambulisha simu yenyewe, yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili huwa nazo mbili. Ziandike kwenye karatasi ibaki nyumbani, pamoja na namba ya NIDA na namba za simu za watu watatu. Namba za watu hao zikariri pia. Wapo watu wazima waliokwama stendi na simu za kuazima mkononi kwa sababu hawaijui kichwani hata namba ya mke au mume.

Pesa taslimu igawe mafungu. Ya matumizi ya siku, yaani chakula, choo, maji na bodaboda, iwe mfuko wa mbele. Akiba iwe kwenye mwili, ndani ya nguo, na usiiguse ukiwa mbele za watu. Kiasi kikubwa kibaki kwenye simu au benki, ukatoe kwa wakala wa mtaa unakofikia. Kutoa laki tano stendi huku begi liko miguuni na mtu yuko nyuma ya bega lako ni kumtangazia kila anayekutazama.

Sasa mabegi. Begi la zipu yenye vishikio viwili, hata ukilitia kufuli kubwa, linafunguka kwa kalamu ya kawaida: ncha inasukumwa katikati ya meno, zipu inaachana, vitu vinatolewa, halafu vishikio vyenye kufuli vinaburutwa kwenda na kurudi na zipu inajifunga kama haikuguswa. Utagundua nyumbani, siku imeshapita, na hutajua vimeibiwa wapi. Kwa hiyo kufuli lisifunge vishikio vyenyewe kwa vyenyewe. Livipitishe kwenye kishikizo au pete iliyoshonewa mwilini mwa begi, ili visiweze kuburutwa. Kalamu bado itapasua zipu, ila haitazibika tena, nawe utaona palepale buti linapofunguliwa na konda akiwa mbele yako. Kama begi halina pete, fundi cherehani atakushonea kipande cha mkanda. Asiye na kufuli atumie ule mkanda wa plastiki ambao mafundi umeme hufungia nyaya, wa rangi isiyo ya kawaida, na abebe mingine miwili ya akiba.

Shangazi kaja, lile begi kubwa la plastiki la mirabamiraba, ni habari nyingine. Zipu yake hupasuka kabla ya kuibiwa, mzigo ukishajazwa na kubanwa na magunia ya watu. Jaza robo tatu tu, funga zipu, halafu shona juu yake kwa sindano ya gunia na uzi wa nailoni. Chagua uzi wa rangi inayoonekana, mwekundu au wa kijani, na acha mafundo yako mwenyewe mwishoni. Akiukata, hawezi kuwa na uzi ule ule mfukoni. Mabegi haya yanafanana mno, hivyo andika jina na namba ya simu kwa kalamu isiyofutika pande mbili, na ndani weka karatasi yenye maneno hayo hayo, kwa sababu lebo ya nje huchanika.

Vitu visivyokwenda kwenye buti kabisa: kompyuta, dawa unazomeza kila siku, vyeti, funguo, dhahabu. Vyeti halisi ningeviacha nyumbani. Anayekwenda kwenye usaili na ameambiwa aje na vyeti halisi, sawa, abebe, lakini mapajani na ndani ya mfuko wa plastiki, huku nakala zilizothibitishwa na wakili zikiwa begi jingine.

Stendi, tiketi katia ofisini kwa kampuni au kwenye mtandao wao, siyo kwa mpiga debe aliyekupokea getini. Hakikisha ina jina lako, namba ya siti na namba ya gari. Begi akilidaka mtu asiye na sare, usivutane naye huku ukigeuka kutafuta wenzako. Mwambie unabeba mwenyewe, ulishike kwa mikono miwili, uendelee kutembea. Mnaosafiri familia, mmoja awe wa mizigo tu na mwingine wa watoto. Mtu mmoja akifanya yote mawili, kimojawapo kinamponyoka.

Simama hapo mpaka begi liingie buti na ulione liko upande gani. Dai kipande cha namba ya mzigo, na kama umelipia mzigo mkubwa, dai risiti inayotaja kilichomo na idadi. Bila hiyo karatasi, mlango wa kudai unafungwa na yale maandishi ya "abiria chunga mzigo wako". Piga picha mbili: begi likiwa ndani ya buti, na namba ya gari. Picha ya pili ina faida nyingine kwenye hoteli ya chakula, ambako mabasi manne ya kampuni moja, rangi moja, huegeshwa pamoja na watu hupanda lisilo lao.

Napendelea siti ya dirishani upande wa kushoto, kwa kuwa mlango uko huko na buti la upande huo unaliona likifunguliwa. Siti hiyo ina ubaya wake: simu hunyakuliwa dirishani gari likisimama au likiwa kwenye foleni. Kabla basi halijasimama, funga kioo na ushushe simu. Begi dogo usiliweke kwenye keria iliyo juu ya kichwa chako, kwa sababu hulioni. Liweke upande wa pili, mbele kidogo, uone kila mkono unaolifikia. Chini ya siti pia hapafai likiachwa wazi. Aliyekaa nyuma analivuta kwa mguu. Mkanda wake upitishe kwenye goti au kifundo cha mguu. Na basi likisimama kwa kuchimba dawa, begi la thamani linashuka na wewe, hata kama ni dakika tano.

Kuhusu chakula cha jirani, niseme wazi hata kama inaonekana ukosefu wa adabu. Anayetaka kukulevya hakupi kitu saa ya kwanza. Anaongea nawe vizuri, anataja kwao, anakula mwenyewe kwanza, kisha anakuletea juisi au biskuti mkishakuwa marafiki. Chupa iliyofungwa siyo ushahidi, sindano hupita chini ya kifuniko. "Ahsante, tumbo linanisumbua" inatosha na haimuudhi mtu mwema. Jirani yako asipoamka watu wanaposhuka kula, mtikise na umwite kwa sauti. Akiwa hana fahamu mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe koo, mwite konda, apelekwe hospitali ya karibu. Usimnyweshe maziwa. Mtu asiye na fahamu hamezi, na maziwa yataingia kwenye mapafu.

Tangu Oktoba 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kutembea usiku, kwa hiyo wengi wanafika stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis saa tisa za usiku. Kama hakuna anayekupokea, kaa ndani, penye mwanga na watu, mpaka kupambazuke. Ukilazimika kuondoka, tumia gari au bajaji ya kuitwa kwa programu, linganisha namba ya chombo kabla ya kupanda, na mtumie ndugu namba hiyo. Kwenye bodaboda begi likae kati yako na dereva, siyo mgongoni. Ukitembea barabarani, begi liwe upande wa ukutani. Na kibaka wa pikipiki akiushika mkanda, uachie. Wanaoburuzwa na pikipiki huvunjika mikono na kupasuka vichwa kwa ajili ya kitu kinachouzwa dukani.

Ukiibiwa ndani ya basi, mwambie dereva na konda kabla mlango haujafunguliwa, waende moja kwa moja kituo cha polisi. Usipige ukelele wa "mwizi" katikati ya stendi. Umati haupekui, unaua, na mara nyingine unamuua asiyehusika.

Simu ikishaibwa, mpangilio ni huu. Kwanza azima simu, piga 100 kwa mtandao wako, wafunge laini na akaunti ya pesa. Ukiwa na laini za mitandao miwili, azima pia simu ya mtu wa mtandao ule mwingine. Pili, benki. Tatu, mpigie mmoja wa wale watu watatu atangaze kwenye makundi ya familia na ya kazini kwamba mtu asitume pesa inayoombwa kwa namba yako. Baada ya hapo nenda polisi. Kama umeibiwa sema umeibiwa, ufungue shauri na upewe RB, yaani namba ya shauri lako kwenye kitabu cha polisi. Taarifa ya upotevu ni ya kitu kilichopotea, na haitamfanya askari amtafute mtu. Toa IMEI hapo hapo. Ukitoka, nenda duka la mtandao wako na namba ya NIDA, utaweka alama ya kidole na watakupa laini mpya yenye namba ile ile. Ukishaiweka, ingia WhatsApp mara moja. Aliyekuwa anaitumia atatolewa.