Ukurasa wa boyi katika kalasi ya historia

Jumanne niliingia kalasi ya tatu ya humanités, yaani sekondari ya juu, seksio ya pedagojia, nikiwa na fotokopi 18 mkononi. Wanafunzi wangu ni 54: karatasi moja, vichwa vitatu. Falanga za fotokopi zilitoka mfukoni mwangu, na mfuko wa mwalimu wa Lubumbashi, huku Kongo, mnaufahamu.

Mimi hufundisha historia kwa imla. Siyo kwamba napenda. Katika Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, historia haina hata karatasi yake yenyewe; inabanwa na jiografia na elimu ya uraia ndani ya Culture générale, karatasi ya maarifa ya jumla, na mtoto anachagua jibu moja kati ya matano. Basi mwaka mzima nawasomea kwa Kifaransa: 1906 kampuni ya migodi Union Minière inaundwa, 1910 mji wa Élisabethville unaanza, 1966 unaitwa Lubumbashi. Wanaandika, wanakariri, likizo inakuja, kwisha.

Ile karatasi ya Jumanne ilikuwa kitu kingine. Mwaka 1965 hapa hapa mjini, André Yav alikusanya historia ya Élisabethville kwa niaba ya maboyi, wale waliopika na kufua katika nyumba za Wazungu. Aliiandika kwa Kiswahili. Kiswahili chetu, siyo kile cha vitabu vya Dar es Salaam. Mtafiti Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990, na leo iko kwenye intaneti. Mimi niliipakua usiku, bando ikaisha katikati, nikanunua nyingine.

Tatizo ni maandishi yenyewe. Maneno mengine yameshikana, mengine yamekatwa kati, nukta inakuja inapotaka. Kalasi ilicheka. Msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Madame, huyu njo alifundishwa na nani kuandika?"

Nikawaambia wasisome kwa macho, wasome kwa mdomo. Nikamsimamisha kijana mmoja wa Katuba anayerudia mwaka, mwenye sauti kubwa ambayo kwa kawaida inamtoa nje ya mlango. Mistari miwili alijikwaa. Wa tatu akaanza kupumua mahali pake, na maneno yakaachana yenyewe. Mtu akapiga kelele: "Aaa! Hii njo Swahili ya nkambo!" Yaani ya babu na bibi zetu.

Ugomvi ukaanza, ule ninaoutaka. Huyu boyi ni mwanahistoria? Hapana, akasema mmoja, historia inaandikwa na watu wa université. Msichana wa nyuma akamrudi: boyi anasimama karibu na meza, anasikia yote, bwana wake hamhesabu kama mtu mwenye masikio. Mwingine akadakia: sawa, lakini basi mbona huyu Yav hatuambii maboyi nao walikuwa wanaiba sukari? Kicheko tena. Ila swali ni zito: na yeye anaficha nini, na kwa nini? Majuma mawili nilikuwa nimewasomea imla ya "critique historique", yaani kuhoji chanzo cha historia: maana ya neno, hatua zake, kila kitu. Hakuna aliyeelewa. Sasa walikuwa wanaifanya bila kujua jina lake.

Mkubwa mmoja wa shule alipita dirishani. "Madame, na Kifaransa?" Nusu ana haki, mtihani hautakuja kwa Kiswahili, na sitaki watoto wangu wafungiwe mlango kwa sababu yangu. Lakini kuandika kwa Kifaransa jambo ulilokwisha kugombana juu yake kwa Kiswahili ni rahisi kuliko kukariri jambo lisilokugusa. Siku iliyofuata niliwapa aya moja kwa Kifaransa. Makosa ya sarufi yalijaa. Mawazo pia.

Halafu nikawapa kazi ya nyumbani: muulize mzee wa kwenu juu ya kazi ya zamani, uandike anavyosema. Kumi na mmoja tu ndio walileta. Katika karatasi zao posho ilirudi mara nyingi, na kapita, yaani msimamizi wa kazi, alikuwa mkali kila mahali. Mmoja alileta ukurasa ambao nkambo wake aliuandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu, maneno yameshikana vilevile. Tumeusoma kwa sauti mpaka mstari wa nne. Hapo kuna neno ambalo kalasi nzima hailijui, hata mimi. Mtoto amerudishwa nyumbani kuuliza.