Ukarabati usifanye tusahau moto

Jana nimepanda ghorofa ya 4 kwa ndugu yangu hapa Dar, jengo linakarabatiwa huku wapangaji bado wanaishi, na nilichokiona kimeninyima usingizi. Fundi anachomelea grili, cheche zinadondoka hadi kwenye makopo ya rangi na thina, ngazi imezibwa na mifuko ya simenti na maboksi ya tailizi, mtungi wa kuzimia moto upo kweli ila uko kwenye nailoni yake kama ulivyotoka dukani. Nikamwambia fundi, kaka hivi ikishika hapa hawa watoto wa juu wanatokea wapi? Akasema bosi anataka kazi iishe Jumamosi.

Jamani, sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ipo tangu 2007, na michoro inatakiwa ipite kwao, lakini watu wengi wanadhani mambo ya Zimamoto ni ya jengo likishakamilika, wakati hatari kubwa ni hapo hapo kazi ikiendelea. Kuchomelea peke yake, ukimaliza anatakiwa mtu abaki anaangalia angalau nusu saa, wengine wanataka saa nzima, maana cheche inaweza kujificha kwenye mbao ikawaka nyie mshaondoka.

Na Grenfell, jengo refu la makazi kule London, walibandika paneli mpya za nje kwenye ukarabati ulioisha 2016, mwaka uliofuata zikasambaza moto, watu 72 wakafa.

Ndugu yangu na majirani leo wamehamisha simenti yote ngazini. Namba ya Zimamoto ni 114.