Nilivyobadilisha maji ya rejeta mwenyewe, Nzuguni, Dodoma

Maji ya huku kwetu ukichemshia chai wiki mbili tu, birika linaota magamba meupe. Mimi kwa miezi minane nikawa nayajaza kwenye rejeta ya gari. Siku nilipochungulia ndani nikakuta uji wa rangi ya kutu.

Nilianza Jumamosi alfajiri, gari limelala, injini baridi kama jiwe la kusagia. Hapo usifanye haraka. Rejeta ikiwa ya moto, maji yamebanwa kwa presha na yanaweza kupita nyuzi 100 bila kutokota. Ukilegeza mfuniko yanakurukia usoni. Jirani yangu, dereva mstaafu wa malori, ana kovu la kidevuni mpaka shingoni. "Mwanangu, shika kwanza mpira wa juu wa rejeta. Ukiubonyeza ukabonyea, na haukuunguzi, ndiyo ufungue." Na bado akanipa tambara la kufunika mfuniko.

Nikaweka beseni, nikafungua kizibo cha chini kwa vidole. Ni cha plastiki. Ukikitia plaizi kinakatika. Ikatoka kama chai ya rangi iliyolala. Kuku wa jirani wakaanza kusogea, nikaihamishia haraka kwenye dumu lenye mfuniko, kwa sababu kulanti, ile dawa ya kupoozea injini inayochanganywa na maji ya rejeta, ni tamu mdomoni na ni sumu ya figo, kwa mbwa na kwa mtoto. Dumu nimeliandika SUMU, liko stoo, natafuta gereji ya kulipokea.

Nikasuuza mara tatu. Kulanti mpya nilichanganya nusu kwa nusu na maji ya betri, yale matupu yaliyosafishwa yasiyoacha magamba. Muuzaji alikuwa ameshanifungia asidi, maana zote wanaziita maji ya betri! Someni chupa.

Kujaza ni polepole: mfuniko wazi, injini ikiunguruma taratibu, hita kwenye moto wa mwisho, mapovu yatoke. Mimi nilichoka nikafunga mapema.

Kesho yake, karibu na Buigiri, mshale wa joto ukapanda huku hita ikipuliza baridi. Hewa imebaki ndani. Nikazima, nikakaa chini ya mbuyu saa nzima na ushee, kila mara nakwenda kuugusa ule mpira. Ulipopoa ukabonyea, nikafungua. Kulanti iliingia karibu nusu lita nyingine.