Zita wa Lucca, mtakatifu wetu sisi tunaofanya kazi za ndani

Wengi wetu Waafrika Mashariki tunaoishi Italia kwa kutunza wazee na kufanya kazi majumbani, tukipata siku ya mapumziko tunakimbilia Roma au Assisi. Mimi kila ninayekutana naye namwambia: nenda Lucca, mkoani Toscana, uingie Basilika ya Mtakatifu Frediano. Humo, ndani ya sanduku la kioo, umelazwa mwili wa Zita, dada wa kazi.

Alizaliwa mwaka 1212 hivi katika kijiji cha Monsagrati, si mbali na mji, kwa wazazi maskini. Akiwa na miaka 12 alipelekwa kwa familia tajiri ya Fatinelli, akatumika humo hadi alipofariki tarehe 27 Aprili 1272. Miaka 48 katika nyumba ya watu! Na hakupendwa mapema. Wenzake walimchukia kwa kuwa alijituma, wakamchongea, akatukanwa na kupigwa. Aliamka kungali giza akasali, akawahi misa, kisha akarudi jikoni. Baada ya miaka ya kuvumilia, akakabidhiwa usimamizi wa nyumba nzima, pamoja na walewale waliomtesa. Ukimsimulia habari hii dada wa kazi yeyote wa Dar au Nairobi, hatahitaji ufafanuzi.

Muujiza wake unaosimuliwa zaidi ni ule wa mikate. Alikuwa akiwapelekea maskini mikate ndani ya aproni, bosi akamsimamisha amwonyeshe alichobeba. Alipoifungua, yakaonekana maua.

Lakini mimi napenda zaidi ule wa koti. Mkesha wa Krismasi baridi ilikuwa kali, bosi akamwazima koti lake la manyoya aendee kanisani, akimwonya asilipoteze. Mlangoni akamkuta mzee anatetemeka, akamvika. Misa ilipokwisha, mzee hayupo, koti halipo. Fikiria alivyorudi nyumbani usiku ule! Kesho yake mgeni akabisha hodi, akalirudisha koti, akatoweka. Watu wakaamini ni malaika, na mlango ule wa kanisa unaitwa Mlango wa Malaika hadi leo.

Papa Innocent XII alimtangaza mtakatifu mwaka 1696. Watu wa Lucca walikuwa wamekwisha kumheshimu kwa zaidi ya karne nne. Dante, aliyefariki mwaka 1321, katika shairi lake la Jehanamu anamtaja kiongozi wa Lucca kama mmoja wa "wazee wa Santa Zita". Yaani mji wa matajiri wa hariri ulitambulishwa kwa jina la mtumishi wa jikoni! Hilo hunipa nguvu kila ninapofunga aproni.

Sikukuu yake ni 27 Aprili. Soko la maua hujaa mitaa ya karibu, na waumini huleta maua mbele ya mwili wake. Mimi huwataja hapo dada zetu walioko Riyadh na Muscat, hasa wale waliozuiliwa pasipoti na mishahara. Yeye anaijua kazi hiyo tangu utotoni.

Kutoka Firenze kuna treni za moja kwa moja. Stesheni iko nje ya ukuta wa mji upande wa kusini, na basilika iko kaskazini, kwa hiyo utaukatiza mji wote kwa miguu. Vaa viatu vyepesi.