Profaili ya printa kwa karatasi isiyo na profaili: nilivyofanya Lubumbashi

Karatasi ya picha inayotufikia kupitia Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, hubadilika jina kila mzigo, na profaili iliyokuja na printa (faili inayoieleza kompyuta rangi zitakavyotoka kwenye karatasi fulani) haiijui. Ngozi ya bibi harusi ikitoka na ukijani, kuchezea mipangilio ya draiva (programu inayoendesha printa) ni kumaliza wino bure. Nilitengeneza profaili yangu kwa ArgyllCMS, programu isiyolipiwa, na i1Pro, kifaa cha kupimia rangi.

Kadi mbili za viraka vya rangi vya kupimwa huchanganywa sana. IT8.7/2 ni ya skana: viraka 264 vya rangi na ngazi 24 za kijivu kwenye karatasi ya picha, pamoja na faili ya vipimo vya toleo lake. Ukiipa faili ya toleo jingine, umeharibu kabla ya kuanza. Kadi ya printa inakwenda kinyume: nambari za RGB unazijua, rangi itakayotoka ndiyo unayoitafuta, hivyo unaichapa mwenyewe. Kuisoma kwa skana hakufai, kwa sababu skana ilipimwa kwa rangi za karatasi ya kemikali; wino huakisi mwanga kwa namna yake hata jicho likiona rangi ileile.

Amri za kutengeneza kadi ya printa (lushi ni jina nililoipa faili): targen -v -d2 -f800 lushi, halafu printtarg -v -ii1 -t300 -pA4 lushi. Zinatoka picha za TIFF zenye viraka 800 hivi, tayari kuchapwa.

Kuchapa ndipo kazi nyingi huharibika. Usimamizi wa rangi lazima uzimwe kabisa. Photoshop iliondoa chaguo hilo tangu CS5, kwa hiyo tumia Adobe Color Printer Utility, na kwenye draiva zima urekebishaji wa rangi. Chagua aina ya karatasi na ubora uleule utakaotumia kazini, ukubwa 100%. Kagua matundu ya wino kwanza. Kiangazi hapa hukausha vichwa haraka, na mstari mmoja uliokosekana unapotosha viraka vingi. Wino wangu ni wa dye (rangi iliyoyeyushwa kwenye maji), hivyo niliuacha ukauke hadi kesho yake.

Kusoma viraka kwa i1Pro ni chartread -v lushi. Weka karatasi kadhaa nyeupe zilezile chini, la sivyo weusi wa meza hupenya. Kisha, kutengeneza profaili yenyewe, colprof -v -qm -S sRGB.icm -cmt -dpp lushi.

Karatasi yenye king'arisho (kemikali inayogeuza UV, mwanga usioonekana, kuwa mwanga wa buluu) hupimwa kuwa na ubuluu, na profaili hujibu kwa kutia manjano kwenye kijivu. Ongeza -f kwenye colprof ili ifidie king'arisho hicho, mradi kipimo chako hakina kichujio cha UV. Tusisahau kwamba mteja wa Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, si nchi) huitazama picha nje juani, penye UV tele.

Mwisho, profcheck -k lushi.ti3 lushi.icc huonyesha tu profaili inavyokubaliana na vipimo vyake yenyewe. Kiraka kimoja kikiruka mbali na wenzake, mara nyingi safu ilisomwa vibaya: rudia kwa chartread -r, usome safu hiyo tu. Vikiruka viraka vingi pamoja, rudi kwenye uchapaji, uhakikishe kwanza kwamba draiva hairekebishi rangi mahali fulani.